Kanzu ya Kupimia Weupe

Siku niliyopigiwa simu kwamba Mama Hawa amefariki, nilikuwa ndani ya msitu nagombana na mgeni juu ya tumbo la ndege. Mgeni alikuwa na apareyi, yaani kamera, ya bei ambayo sitaki hata kuitaja, na tumbo la ndege, ambalo Mungu aliliumba jeupe, limemtokea kwenye foto kijani kama mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo. Ananiambia apareyi yake inajua yenyewe, iko otomatiki. Inajua nini? Apareyi haijui kitu. Juu yako majani, chini yako majani, mwanga wote unaokufikia umekwisha kupita kwenye majani, na ile mashine maskini inakisia tu. Lazima uionyeshe kitu kimoja na kuiambia: hiki, katika mwanga huu wa hapa, hakina rangi, anzia hapo. Ukiionyesha uongo, itaamini uongo, na kila rangi itakayofuata itakuwa uongo. Nimewaeleza wageni maneno haya mpaka taya zinaniuma, na bado wananitazama kama nawauzia dawa ya minyoo. Ndipo simu ikalia, na alikuwa Hawa mwenyewe, binti yake, analia. Sikuwahi mazishi. Nikashuka Kamembe siku ya arobaini, na nakiri kwamba njia nzima, pamoja na huzuni yote, nilikuwa na wazo moja kichwani: sasa hatimaye naweza kumwambia mume wake, Mzee Rajabu, kuhusu kanzu yake.

Kwa sababu mwaka ule, mwaka wa ndege, ulinizeesha. Nilikuwa binti mdogo tu, nafanya kazi kwenye studio ya Mzee Rajabu pale Kamembe, na kazi yenyewe ilikuwa kukaa nyuma ya kaunta na makasi, nakata fotopaspo, zile picha ndogo za pasipoti. Chumba kimoja, pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyewahi kujua yako nchi gani, kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na harufu ya gundi iliyoingia mpaka kwenye chai yetu. Watu wanaingia wamekunja uso, wanatoka wamekunja uso, mimi nakata. Mzee mwenyewe alikuwa anapiga harusi, za Waislamu na za Wakristo, huku kwetu na ng'ambo ya mpaka, Bukavu, na jina lake lilikuwa kubwa. Basi siku moja akaingia Maman Béatrice, mzaliwa wa Bukavu, mama wa biashara aliyekuwa amefungua nyumba ya wageni kule Cyangugu karibu na maji. Alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye upande wa pili wa ziwa. Alitaka kila chumba kipewe jina la ndege, na foto kubwa ya ndege huyo juu ya kitanda.

"Mi nataka bandege ba hapa kwetu, Mzee, hapana ba kwenye kalenda," alisema. "Muntu akilala kwenye chumba cha inyange, asubui atoke, amuone inyange mwenyewe pale pa maji. Bageni banakuja ju ya bandege, na miye sina muntu wa kubatembeza."

Mzee Rajabu hakupenda matope. Mimi nikanyanyua mkono na makasi ndani yake. Maman Béatrice akanitazama kutoka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili, akacheka, kisha akakubali kwa sharti. Foto zikitoka vizuri, nitakuwa natembeza wageni wake, na hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu. Zisipotoka vizuri mpaka mwisho wa mwaka, ataagiza mpiga foto kutoka Kigali. Na Mzee akaongeza la kwake: "Zikiharibika, Zaina, unarudi kwa makasi yako, na maneno ya bandege yamekwisha. Siwezi kuazima apareyi yangu ya harusi kila mwaka ju ya kuku wa porini." Nikasema sawa. Ningesema nini? Nilikuwa tayari kulala kwenye tope na mamba ilimradi nisikate paspo nyingine.

Sasa niwaeleze kanzu. Kanzu za Mzee Rajabu zilikuwa habari ya mji. Ijumaa akipita kwenda msikitini, watu wanafumba macho. Mke wake, Mama Hawa, alikuwa anazifua yeye mwenyewe, hakuna binti aliyeruhusiwa kuzigusa, na wanawake wa mtaa walikuwa wakiwatupia waume zao maneno: "Kama unataka weupe wa Mama Hawa, oa Mama Hawa." Na Mzee, tangu anunue apareyi ya kidijitali, alikuwa amejitengenezea desturi yake. Kabla ya harusi yoyote ananyoosha mkono wake, anajaza picha yote na kitambaa cha kanzu, anaiambia apareyi: huu ndio weupe. Anauita kupima. Kisha anapiga maharusi, na maharusi wanatoka wana ngozi ya asali, wanang'aa kama mandazi yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi. Watu walipenda mno. Walisema kwa Mzee Rajabu hata ukiwa na malaria unatoka mzuri. Kwa hiyo nani angemwambia kwamba kuna kosa? Kosa lilikuwa linamletea wateja.

Lakini ndege si bibi harusi. Na isitoshe, kwa kuwa kupima ni kanzu, na kanzu ni ya Mzee, Mzee mwenyewe aliamua kuja. Nilimwomba anipe kipande cha kitambaa tu. Akaniuliza kama nimeona wapi muntu anakata kanzu ya mwenzake. Nilimwomba aniazime kanzu iliyokunjwa. Akasema kanzu bila muntu ndani inakaa vibaya, inaingia vivuli. Basi alfajiri tunashuka Cyangugu, mimi nimevaa nguo za rangi ya udongo, natembea kama mwizi, na mbele yangu anatembea mzee mrefu, kanzu nyeupe ameifunga juu ya magoti, chini buti za mpira. Inyange, wale yangeyange weupe, wamesimama kwenye matete wamependeza kama nini. Mzee anajitokeza, ananyoosha mikono miwili kama anataka kuruka, na kusema kwa sauti yake ya ukumbini: "Pima, binti!" Mama yangu wee. Ndege wote angani. Hata chura hakubaki.

"Mzee, ndege wamekimbia."

"Batarudi. Weye pima kwanza. Bila kupima, utapiga nini?"

"Nitapima nini na wameshakwenda?"

"Zaina, uko na haraka sana. Njo maana hauolewe."

Nilimeza mate. Nilimeza mate mwaka mzima, sijui tumbo langu lilipata wapi nafasi. Tulikaa kwenye matete mpaka jua limepanda, ndipo wawili watatu wakarudi, nikawapiga. Mdiria nilimpata pia, yule mweusi na mweupe anayesimama hewani juu ya maji kabla ya kujitosa, na inyamanza mdogo anayetembea uani kwa watu akitikisa mkia. Nilikuwa na furaha. Nikakimbia studio, tukafungua kwenye kompyuta, na inyange wangu alikuwa njano. Si njano ya jua la asubuhi, hapana, njano ya samli. Maji ya Kivu yamekuwa chai ya maziwa. Mdiria, badala ya mweusi na mweupe, alikuwa mweusi na ugali wa mahindi.

Mzee akatazama akakunja midomo akasema: "Ametoka na ngozi muzuri."

Maman Béatrice alitundika foto ya kwanza kwa sababu fremu ilikwisha kununuliwa. Wiki hiyo hiyo mgeni mmoja, mzungu mpole mwenye daftari na darubini, akalala kwenye kile chumba, akaitazama foto mpaka usingizi ukampotea, kisha akatoka gizani akakaa kwenye matete mpaka mchana akimtafuta yule ndege wa njano. Alirudi amelowa, ameumwa na mbu, akasema ndege huyu hajaandikwa kwenye kitabu chochote. Maman Béatrice alikuja studio kwa moto, pikipiki ya kukodi, na alianza kusema kabla moto haijasimama. "Muzungu wangu anakohoa! Anakohoa ju ya ndege hayiko! Zaina, miye nilikuamini. Kama kufika mwisho wa mwaka hauniletee inyange mweupe, hawa ba Kigali banakuja, haki ya Mungu." Mzee akasema labda inyange wa Cyangugu wanakula kitu. Nikaenda kusimama nyuma ya pazia la maporomoko, maana la sivyo ningempiga mtu mzima.

Nilikuwa nimesikia kwamba wapiga foto wengine wanatumia kadi ya kijivu. Nikamweleza Mzee taratibu, kwa adabu zote, kwamba kijivu safi hakina upande, hakivutii kwenye bluu wala kwenye njano, kwa hiyo apareyi ikikiona inajua mwanga una rangi gani. Akacheka mpaka akakaa kwenye kile kiti cha mguu wa waya. "Unapima weupe na kijivu? Basi kesho pima chumvi na sukari!" Akaita watu wa duka la jirani waje wasikie. Wakaja. Wakasikia. Mpaka leo wapo wanaoniita Kijivu.

Kilichonifumbua macho ni ugali. Mzee alialikwa harusi Bukavu ya siku mbili, na apareyi kubwa ikabaki kwa sababu kule aliahidiwa kuazimwa mpya. Nikaichukua, nikashuka ziwani peke yangu, bila kanzu. Nilipofika nikajikuta sina cha kupimia. Maji, matete, mawe meusi, mimi. Na kwenye mfuko wangu chakula: sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa muhogo, ule mweupe unaoelekea kijivu kidogo, umefungwa vizuri kwenye bakuli. Nikaufungua, nikauweka kwenye mwanga, nikapima ugali. Ndege hawakukimbia, maana nani anaogopa ugali? Nikapiga inyange mmoja, mmoja tu, kisha nikala kipimo changu na sambaza wake. Jioni nikafungua kompyuta na nikapiga kelele. Inyange alikuwa mweupe. Mweupe wa kweli, na maji nyuma yake yana rangi ya chuma kama yalivyo asubuhi. Mzee aliporudi nikamwonyesha. Akauliza nilipima na nini. Nikasema ugali. Akakasirika kweli, si utani: chakula cha Mungu si kifaa cha kazi, na apareyi yake haitatoka tena bila yeye. Hata inyange hakumtazama sawasawa. Alisema amepauka.

Basi nikawa najua kwamba tatizo ni kanzu, lakini sijui kanzu ina nini, maana kwa macho yangu ilikuwa nyeupe kuliko ugali mara mia. Jibu nililipata uani kwa Mzee, siku niliyopeleka ufunguo wa studio. Mama Hawa alikuwa ameinama juu ya beseni la mwisho la kusuuzia. Mkononi ana kifundo cha kitambaa, na ndani ya kifundo kile kidonge cha bluu ya kufulia, anakizungusha kwenye maji polepole, kama anayekoroga dawa ya mtoto. Maji yalikuwa na rangi ya mbingu. Akachovya kanzu, akaitoa, akaitundika, na ndipo kwa mara ya kwanza nikaiona: ilikuwa ya bluu. Kidogo, kidogo sana, jicho la mtu linaita weupe. Lakini apareyi si jicho. Ukiionyesha kitambaa cha bluu na kuiapia kwamba ni cheupe, itaondoa bluu kila mahali, na bluu ikiondoka inabaki njano. Nikacheka kwa furaha pale pale, na mdomo wangu usio na breki ukasema: "Mama Hawa, kumbe kanzu si nyeupe!"

Ebo! Ningemtukana mama yake ingekuwa afadhali. Alijinyoosha taratibu, maji yanamtiririka mikononi.

"Weye unasema nini?"

"Nasema ina bluu, Mama, ndiyo maana ndege…"

"Miye nafua kanzu ya huyu muntu tangu hujazaliwa. Mashehe banauliza nafua na nini. Na weye unakuja kwenye uwanja wangu kuniambia mume wangu anavaa nguo chafu?"

"Sikusema chafu!"

"Toka."

Kuanzia siku ile chakula changu cha mchana, ambacho alikuwa akikituma studio pamoja na cha Mzee, kikawa hakiji. Mzee anafungua bakuli lake, harufu ya maharagwe na ndizi inajaza chumba, mimi natafuna mkate mkavu na harufu ya gundi. Hakuuliza. Wanaume wana kipaji cha kutouliza. Nilikuwa nimekwama vizuri: nikimwambia Mzee, nimeivunjia nyumba yake heshima mbele yake, nisipomwambia, mwaka unakwisha na makasi yananingoja. Nilihesabu nafsi yangu nimerudi kwenye kaunta.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mawingu, tuko kwenye matete kama kawaida, Mzee amenyoosha mikono kama kawaida, ndege wamekimbia kama kawaida. Nikapima kwa uchovu, bila hata kutazama. Inyange akarudi, nikapiga, nikatazama kioo cha nyuma cha apareyi, na alikuwa mweupe. Nikadhani ni macho yangu. Nikapiga tena. Mweupe. Nikageuka nikamtazama Mzee pale kwenye tope, na kanzu yake ilikuwa imekufa. Si chafu, la, ilikuwa safi, lakini haina ule mwako, imepoa. Haikuwa na bluu. Na Mzee hakuwa na habari. Muntu anayevaa hajioni.

Wengine walimwona. Ijumaa nilikuwa kwenye foleni ya maji, na mbele yangu wanawake wawili wanasema, wala hawakushusha sauti: "Umeona kanzu ya Mzee Rajabu? Mama Hawa mikono imechoka." Mwingine akajibu: "Ao moyo njo umechoka. Labda Mzee anaoa mwingine." Wakacheka. Mama Hawa alikuwa palepale, hatua chache mbele yao, anajaza ndoo yake. Alisikia kila neno. Alijaza ndoo mpaka juu, akafunika, akajitwika, akaondoka ameshika shingo wima. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake na machozi yananitoka kwa hasira, hasira kwa wale wanawake, kwa Mzee, kwa yeye mwenyewe.

"Mama Hawa, kwa nini? Rudisha bluu. Wanakucheka!"

"Bacheke. Kanzu itarudi kuwa nyeupe siku nikitaka," alisema, anatua ndoo. "Weye ukirudi nyuma ya ile kaunta, hautatoka tena. Nilikuwa hapo miye, kabla yako. Nilikata paspo mpaka akanioa." Kisha akaninyooshea kidole kilichokunjamana kwa maji. "Lakini bado nina hasira na weye. Na nikiwa hai, asijue. Anafurahi sana na hizi kanzu, huyu muntu."

Hakurudisha bluu mpaka vyumba vyote vya Maman Béatrice vilipokwisha. Miezi ile yote alikuwa anapita kwenye foleni ya maji, na miezi ile yote walikuwa wanasema. Foto zikatoka, Maman Béatrice akaenda chumba kwa chumba anapiga makofi, akanikabidhi wageni, na sijashika makasi tena mpaka leo. Na Mzee Rajabu je? Mzee Rajabu alisimama katikati ya sebule ya Maman Béatrice, akanyoosha mkono na kuonyesha mkono wa kanzu. "Nilibaambia! Ndege alikuwa anahitaji kuzoea tu. Kanzu yangu haidanganyi." Ameirudia hadithi hiyo miaka na miaka, kwenye harusi, kwenye vilio, mbele ya wageni wangu mwenyewe, na mimi na Mama Hawa tumekaa tumetazama chini, yeye akinikanyaga mguu chini ya meza.

Kwa hiyo mnielewe nilivyokwenda arobaini. Ahadi ilikuwa ya wakati akiwa hai, na hayuko hai tena. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue yule mwanamke alifanya nini, na nilitaka awe huyo kichwa ngumu. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa kwenye masinia, watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Mzee amezeeka, amekuwa mdogo, alikuwa amekaa kwenye mkeka amevaa shati la kijivu la mwanawe. Nikakaa karibu naye, maneno yako tayari. Akanitangulia.

"Zaina, umekuja na apareyi?"

"Nimekuja nayo, Mzee."

"Nipige foto. Nataka kuiweka karibu na yake."

Akaingia ndani, akakawia. Alipotoka alikuwa amevaa kanzu yenye mikunjo mikali ya sandukuni, na ilipofika kwenye mwanga wa mlango nikaijua kabla hajanifikia. Bluu. Hawa alikuwa amesimama nyuma yangu, akaninong'oneza kwamba ndiyo ya mwisho aliyoifua mama, Mzee hakutaka kuivaa mpaka leo, na hakuna atakayeifua. Mzee akasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, akaikunjua mikono yake miwili kama siku zile kwenye matete.

"Pima, binti."

Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuingia kwenye mfuko, umeshika kadi ya kijivu. Nikaiacha humo. Nikamsogelea, nikajaza picha yote na kitambaa cha Mama Hawa, nikaiambia apareyi: huu ndio weupe. Kisha nikarudi nyuma nikampiga, na tukaitazama pamoja, kichwa chake karibu na changu. Uso wake ulikuwa njano, ukuta wa chokaa njano, Hawa, aliyekuwa amezunguka akachungulia mlangoni, njano, sinia la pilau njano tupu. Kanzu peke yake ndiyo ilikuwa nyeupe.

"Unaona?" alisema Mzee Rajabu.

"Naona, Mzee."